Kiti Kimoja cha Besi ya Pili

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, na kila mmoja aje na akili yake, maana hadithi hii itaihitaji.

Katika shule moja ya sekondari huko Tukuyu, mahali ambapo mvua hunyesha mpaka nguo zinasahau jua, vijana watatu wa Kidato cha Nne walicheza besiboli, na wote watatu waliijua nafasi moja tu: besi ya pili, kimoja cha vituo vinne ambavyo mkimbiaji huvizunguka kuipatia timu yake bao.

Gwakisa alikuwa na macho. Mpira ulipotoka mkononi mwa mrushaji, yeye alikwishajua kama unakuja vizuri au vibaya, na mbaya hakuugusa. Ambakisye alikuwa na miguu. Akianza kukimbia, unamwona alikotoka na alikofika, katikati humwoni. Danford alikuwa na mikono. Mpira uliomfikia ulitulia kwenye glavu yake kama kuku aliyeingia bandani.

Mwalimu wao alikuwa Madam Tusekile, wa Jiografia, aliyejifunza mchezo huu chuoni. Aliwapenda wote sawasawa, na shida yake ilianzia hapo.

Sasa, pale shuleni besi ya pili ilikuwa gunia lililojazwa pumba za mpunga, limelazwa tu kwenye nyasi katikati ya uwanja. Madam alikuwa na sheria moja kuhusu gunia hilo: aliyelisogeza, alirudishe. Vijana waliizoea kama kunawa mikono kabla ya kula.

Ikafika mechi ya kufuzu mashindano ya taifa, ugenini, kwenye shule ya jirani, ambako nako besi ilikuwa gunia. Zamu ya saba, ambayo ndiyo ya mwisho, iliwakuta wakiwa tatu kwa tatu.

Gwakisa, wa kwanza kwenye orodha ya wapigaji, akashika gongo. Alikuwa amekwishakosa mara mbili. Akikosa tena, anatoka. Lakini mpigaji akirushiwa mipira mibaya minne, ya juu mno au ya chini mno, naye akaiacha ipite, hupewa besi ya kwanza bure. Mitatu ilikuwa imepita.

"Piga, bwana! Unasubiri barua?" wenzake wakamfokea.

"Kalala huyo. Mwamsheni."

Mpira ukaja, umenyooka, unapendeza. Gwakisa akautazama ukishuka taratibu mpaka chini ya magoti, wala hakutikisa gongo. Mwamuzi akamwonyesha besi ya kwanza. Baadaye Madam alimpongeza kwa uvumilivu, naye akacheka kwa aibu. "Madam, kusema kweli, mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa woga. Ila macho yaliniambia ni mbaya."

Ambakisye akaingia kukimbia badala yake. Mrushaji alipoinua mkono tu, kijana akachomoka kuelekea besi ya pili, akateleza kwa tumbo, akalishika gunia kabla ya mpira kufika. Akawa salama. Lakini gunia, kwa nguvu za yule aliyelikumba, lilikuwa limesogea hatua nzima.

Basi Ambakisye akafanya alichofanya siku zote. Akainuka, akaliachia gunia, akaliinamia kulirudisha mahali pake. Mlinzi wa besi alikuwa pembeni yake, mpira mkononi. Angemgusa nao kabla hajarudi juu ya gunia, mchezo wa Ambakisye ungekwisha. Yule mlinzi akainua mguu ampishe.

"Kidogo upande huu," akamwelekeza. "Hapo, hapo."

Mlinzi alipokumbuka ana mpira, Ambakisye alikwishasimama juu ya gunia, anajipangusa matope. Kocha wa wenyeji akajishika kichwa. Mpigaji aliyefuata akapiga mpira ukapita katikati ya walinzi wawili, na miguu ya Ambakisye ikamaliza vituo vilivyobaki. Nne kwa tatu.

Ikabaki zamu ya wenyeji kupiga, na wakitoka watatu, mechi imekwisha. Danford akachukua glavu na nafasi ile ile. Mwenyeji mmoja alikwishatoka, mwingine alikuwa besi ya kwanza, mbio zimemjaa. Madam akampungia Danford mkono: sogea, uende karibu na besi ya kwanza. Danford akamtazama, akatikisa kichwa kidogo, akabaki alipo.

Gongo likalia. Mpira ukadunda kwenye jiwe, ukabadili njia, ukamfuata Danford pale pale alipokataa kuondoka. Akaudaka, akakanyaga gunia kabla ya mkimbiaji kufika, akaurusha besi ya kwanza ukamtangulia mpigaji. Wawili wametoka kwa mpira mmoja. Mechi imekwisha.

"Hukuniona?" Madam alimuuliza.

"Nilikuona, Madam. Nikaona mpira utapita huku."

Na kweli, angetii, mpira ungelala nyasini, na mkimbiaji angezunguka.

Sasa ni asubuhi ya safari. Parokia imewaazimisha gari lenye viti kumi na kimoja: dereva, Madam, wachezaji tisa. Wanane wana nafasi zao, wamejulikana. Kiti cha tisa ni cha besi ya pili, na atakayekikalia ndiye atakayefungua orodha ya wapigaji. Mwakani vijana hawa hawako shuleni tena.

"Chezesha bahati nasibu basi, Madam," Mkuu wa shule akamwambia. "Saa nne gari linaondoka."

"Bahati nasibu haijui walichokifanya, Mkuu."

Akampa kila mmoja kipande cha karatasi aandike jina la anayestahili. Gwakisa akaandika: *Ambakisye. Mimi nilisimama tu.* Ambakisye akaandika: *Danford. Mimi ningetolewa kwa ujinga wangu.* Danford akaikinga karatasi kwa kiganja, akaandika: *Mimi. Nimeitaka nafasi hii tangu Kidato cha Kwanza. Naomba usiwaambie.*

Madam Tusekile ameketi ofisini, karatasi tatu mbele yake. Dirishani anawaona wote watatu wakipakia vifaa garini. Mmoja anarusha glavu, mwingine anazipokea, wa tatu amepanda juu anafunga kamba.

"Kaza, we! Vikidondoka Uyole, utavirudia kwa miguu," Gwakisa anasema chini.

"Atavirudia Ambakisye," Danford anamjibu kutoka juu. "Atafika kabla havijadondoka."

Wanacheka. Ni saa nne kasoro dakika tano. Madam ameandika namba tisa, ameweka nukta, kalamu imegusa karatasi.

Bila macho, hakuna wa kukimbia. Bila miguu, hakuna bao la kulinda. Bila mikono, hakuna safari. Mmoja aliogopa, mmoja alisahau, mmoja alikaidi, na nafasi ilikuwa moja.

Haya, dereva amewasha gari. Kalamu ipo mkononi mwako. Je, wewe ungeandika jina la nani?