Mbegu Zilizoachwa Penye Jiwe la Mpaka

Wapendwa, nisameheni mapema, maana mfano huu nitauharibu. Jana nilimsimulia mke wangu akiwa jikoni, akaniambia niuache uive kwanza. Nimewaletea mbichi. Mwenye meno atafune.

Juzi nilikuwa nikisoma habari za nchi moja kubwa ya Asia, nchi inayoinuka, ambayo watu wake hupiga kura hata wakiwa wamenuniana. Wanagombania mpaka na jirani yao mwenye nguvu, na bado wananunua kwake. Marafiki wa Magharibi nao wanawavuta shati. Nikasinzia gazeti likiwa kifuani, na bwana mmoja akanijia ndotoni.

Alikuwa mkulima wa milimani, huko ambako ukungu huingia nyumbani bila kubisha hodi. Nyumba yake ilijaa watu, na kila jambo waliliamua kwa kunyoosha mikono, hata chumvi ya mchuzi. Asubuhi ile mikono yote ilisimama kwa jambo moja: avuke korongo, akalete mbegu za mpunga kutoka ghala lao la ng'ambo, penye mpaka na jirani. Mvua ilikuwa karibu, na mbegu nyingine hawakuwa nazo.

Akachukua mzega wake, ule mti wa begani wenye mzigo mbele na mzigo nyuma, akavuka daraja la kamba. Akaweka mfuko mmoja wa mbegu huku na mwingine kule. Mti ukatulia begani kama mtoto aliyelala.

Jirani akatokea ukunguni, mikono imejaa sufuria.

"Ndugu yangu, mtapikia viganjani mpaka lini? Chukua hizi."

"Bei yake?"

"Majirani tutatajiana bei? Lile jiwe la mpaka tu, usiwe unalitazamatazama."

Sufuria zilikuwa nzuri, zinang'aa. Akazipokea. Mbele kukalemea, akaanza kutembea kama anayesujudu kila hatua.

Mabwana wawili kutoka magharibi wakamwona. Walikuwa marafiki zake, viatu vyao havikushika tope.

"Rafiki, huyo anataka uanguke kifudifudi. Ngoja tukutundikie minyororo na taa nyuma, ukae sawa."

"Ahsanteni. Nanyi mnataka nini?"

"Kitu kidogo. Asubuhi usimsalimie huyo jirani."

Mzega ukakaa sawa. Jirani alipoona hivyo akaongeza masanduku mbele. Marafiki wakaongeza vyuma nyuma. Kila upande ulipozidi, yeye alisawazisha kwa kuongeza upande wa pili, na kila nafasi ilipokosekana alitua kitu chini ili kipya kiingie. Hata hakutazama anatua nini. Akaingia darajani, ukungu juu na ukungu chini, akijiona kama anatembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Mti ukaanza kulia, kriii.

Mkewe alikuwa amesimama mwisho wa daraja. Yeye alibeba mzega tangu usichana wake.

"Baba watoto, umebeba nini hivyo?"

"Nasawazisha, mama. Mbele kulizidi."

"Mbele kukizidi unausogeza mti nyuma, vidole vinne tu. Bega ni lako. Nani alikufundisha kuongeza?" Kisha akauliza taratibu: "Na mbegu ziko wapi?"

Akatazama mbele: sufuria na masanduku. Akatazama nyuma: minyororo, vyuma, taa. Mifuko yote miwili ilikuwa imebaki ng'ambo, penye jiwe la mpaka, kwenye malisho ya mbuzi wa jirani.

Alitikisa bega. Vyote vikaenda korongoni, na korongo likajibu baada ya muda mrefu. Akakimbia. Mfuko mmoja mbuzi walikuwa wameumaliza, wa pili waliufikisha nusu. Na jiwe lilikuwa limesogea hatua saba, maana aliahidi kutolitazama.

Akaliviringisha mpaka mahali pake, peke yake, jirani akimwangalia.

"Umetupa sufuria zangu. Kesho utanunua kwa nani?"

"Kwako. Nitazilipia. Na jiwe litakuwa hapa hapa."

Marafiki nao wakanuna. "Basi na sisi unatutupa?"

"Taa nitakuja kuzinunua. Ila salamu yangu ya asubuhi si yenu kuipanga."

Mwaka ule walipanda nusu shamba, wakala nusu sahani. Hakuna aliyenyoosha mkono kulalamika.

Sasa sisi je? Nani kati yetu hana jirani wa kumwogopa na rafiki wa kumpendeza? Tunawaambia wote ndiyo, halafu tunajisifu kwamba tuna busara, hatuna maadui. Lakini uliyotumwa kuyaleta yako wapi? Mungu alikupa bega, na alikupa mbegu. Hakuna mahali alipokuagiza kubeba masanduku ya watu.

Msigeuke kutazamana, namjua mwenye kosa. Wiki hii wazee wa kanisa walinijia: mchungaji, Jumapili hii mahubiri yawe mafupi. Nikasema ndiyo. Kwaya ikaja: tuna nyimbo sita mpya. Nikasema ndiyo. Halafu, ili wazee wasione kwaya imezidi, nikarefusha mahubiri.

Saa ni nane sasa, wapendwa, na Neno la leo sijalisoma. Biblia nimeiacha nyumbani, juu ya meza, nilipotua vitu ili nibebe ratiba ya kwaya.