Mota Isiyolia

Tegeni masikio, wapendwa, ninyi mlioketi mbele na ninyi mliosimama mlangoni. Mwenye moyo mzito na aufungue leo.

Mtu mmoja, jina lake Ambakisye, alikuwa na karakana ya kuchonga miguu ya bandia, na ndani yake mashine mbili. Ya kwanza iliendeshwa na mota ya hatua: ikiamriwa hatua elfu, huhesabu elfu na kusimama, bila kutazama imefika wapi. Ya pili iliendeshwa na mota ya servo, yenye jicho mgongoni. Jicho lile huiambia ilipo kwa kweli; ikipotoka hujirekebisha, na ikishindwa husimama na kupiga king'ora.

Ambakisye alikichukia king'ora kile. Kilimlazimu aache kazi, anoe kisu, akiri kosa mbele ya wateja.

"Hii ina mdomo kuliko mama mkwe," aliwaambia mafundi, nao wakacheka.

Akaizima, akaifunika turubai. Kazi zote, za mti laini na za mti mgumu, akaipa ile isiyolalamika.

Ikafika zamu ya Tusekile, dada yake wa tumbo moja, aliyekuwa amekatwa mguu. Mti ulikuwa mgumu, kisu butu. Kisu kikawa kinakwama, mota ikapoteza hatua isijue, ikaendelea kuhesabu kwa amani hadi mwisho. Ambakisye akaiona namba imetimia kwenye kioo cha mashine, akaridhika. Rula ilikuwa mfukoni mwake, hakuitoa. Mguu ule wa bandia ukatoka mfupi kwa upana wa kidole kimoja.

Siku ya tatu Tusekile alianguka kwenye mteremko wa kisima, na mguu wake uliobaki ukavunjika. Kidonda kikaoza, madaktari wakaukata nao. Ambakisye akasimama kando ya kitanda, akajitetea kwamba mashine ilihesabu hatua zote.

"Kaka," dada yake akasema, "hesabu yako imetimia. Mimi sina tena pa kusimamia."

Ambakisye akarudi karakanani, akaondoa turubai, akaipa mashine ya pili mti uleule na kisu kilekile. Ikalia mara moja. Safari hii hakuizima. Lakini hapakuwa tena na mguu wa kuokoa.

Wapendwa, mmehesabu ibada, mmehesabu mifungo, na namba zenu zimetimia. Lakini yule aliyewaambia mmepotoka, mmemfunika turubai. Mfunueni leo, mkapime mlipofika kwa kweli, maana yuko mtu anayesimama juu ya kazi ya mikono yenu.