Pimbi, Kiboko na Sauti ya Bibi

— Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
— Mmeyafungua?
— Yako wazi, mwaga!
— Naweka sindano!
— Weka, izunguke!

Basi nyamazeni. Wewe wa nyuma acha kutafuna, unanikorofishia muziki. Ngano hii wengi wanaisimulia, lakini wanaisimulia kama wagonjwa. Mimi shule niliiacha darasa la tano ili niwahi kuisikia, kwa hiyo tulieni mbele ya fundi.

Hapo zamani, si zamani sana, maana simu za mkononi zilikuwepo na chaji ilikuwa shida vilevile, alikuwepo Pimbi. Kamwili kadogo, mkia hana, nyumba yake jabalini. Mali yake ilikuwa moja tu: gramafoni ya marehemu bibi yake. Sanduku la mbao, tarumbeta la shaba lililofunguka kama ua la boga, na mkono wa chuma ubavuni wa kuzungushia. Umeme haikutaka. Unazungusha, kiri-kiri-kiri. Unaweka sindano, kwaru-kwaru-kwaru. Halafu santuri inaimba.

Na santuri yenyewe ilikuwa moja. Ndani yake alikuwemo Bibi.

Enzi za ujana wake, Bibi alikuwa na sauti ambayo ikipanda jabalini, tai huko juu wanasahau kupiga mabawa. Watu wa santuri walipopita na mashine zao wakamrekodi wimbo mmoja, wimbo wa kumtoa mwali. Kisha wakaenda zao. Bibi akazeeka, Bibi akafa, santuri ikabaki. Ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umetoka ukingoni unaelekea katikati. Ndiyo maana Pimbi hakuipiga ovyo. Aliipiga harusini tu, na kila akimaliza aliifuta kwa kitambaa laini akasema, "Ahsante, Bibi. Leo pia umetoka mzima."

Sasa, kwao mwali hatoki ndani bila muziki. Muziki ukikatika mguu wake ukiwa kizingitini, anarudi ndani, na harusi inasogezwa mpaka mwezi mwingine. Pilau hapo inaliwa na nani, mimi sijui.

Siku hiyo alikuwa anaolewa Madoa, binti wa Mama Kanga. Asubuhi mapema Pimbi amekwishakaa chini ya turubai, anafuta tarumbeta lake. Mara ardhi ikatikisika.

DUM! DUM! DUM!

Kiboko huyo, anatoka mtoni, maji yanamchuruzika, kichwani kabeba spika kubwa kama kabati la vyombo. Nyekundu, ina taa. Siku tatu nzima alikuwa ameiacha inachajiwa kwenye mashine ya kusaga, ng'ambo ya mto, kwa sababu huku kwetu umeme unausikia kwa jirani.

"Shikamoo, Mzee Kiboko," Pimbi akasema.

"Marahaba. Ondoa takataka hiyo, kazi imefika."

"Nimealikwa na Mama Kanga, mzee."

"Na mimi nimejialika. Wewe una nyimbo ngapi humo?"

"Mmoja."

"Mimi elfu kumi. Yangu ina taa. Yako?"

"Ina kutu kidogo."

"Yangu inashikana na simu bila waya. Yako?"

"Yangu inashikana na mkono wangu, mzee."

Wageni wakacheka, na hapo hapo ubishi ukawaka.

"Ile ya Pimbi unamsikia mtu mpaka anavyovuta pumzi!" akasema Mama Bata.

"Unamsikia mtu akikaanga samaki!" akajibu Ngedere. "Kwaru-kwaru saa zote. Muziki lazima ukugonge kifuani!"

"Kifua changu kimekukosea nini hata kigongwe?"

"Mama, umepitwa na wakati."

"Na wewe umepitwa na adabu."

Kiboko akapiga mguu chini, wote kimya. "Tushindane," akasema. "Chombo kitakachomtoa mwali nje ndicho kimeshinda, na mwenyewe anachukua cha mwenzake. Hilo tarumbeta nimelipenda. Nitalifanya faneli ya kunywea uji."

"Na santuri, mzee?"

"Nitafunikia sufuria."

Bibi, awe kifuniko cha sufuria! "Nikikataa je?" akauliza polepole.

"Nikikaa hapo ulipo, kitabaki nini?"

Pimbi akalitazama lile kalio. Akaitazama gramafoni. Jibu alilipata. Ndipo akamkumbuka Bibi, maana Bibi alikuwa akimwambia, "Mjukuu wangu, mkubwa akikubana, mshukuru kwanza. Yeye akiwa anafurahi, wewe unafikiri."

Pimbi akainama mpaka pua ikagusa vumbi. "Ahsante, Mzee Kiboko! Mungu akuzidishie tumbo! Piga wewe kwanza, piga mpaka mwali atoke. Mimi nitakuhudumia."

Kiboko akacheka mpaka masikio yakazunguka. Akaiweka spika nyuma yake, akaiegemea, akawasha. DUM-tsi! DUM-tsi! Huko mgongoni mwa spika palikuwa na taa nne za kijani za kuonyesha chaji, na chini yake matundu manne ya kuchomeka waya. Kiboko hakuziona, maana kugeuka kwake ni kazi ya siku nzima. Pimbi aliziona.

"Mzee," akasema, "haya matundu ni ya nini?"

"Ya kuchajia simu. Spika yangu ina nguvu mpaka inagawa!"

"Inagawa! Ahsante, Mzee Kiboko! Mungu akuzidishie tumbo! Lakini usigawe bure, mzee. Mkubwa hagawi bure. Sema simu moja, sahani moja ya maandazi."

Kiboko akasikia maandazi. Kichwani mwake hakukubaki kitu kingine.

"Sahani moja," akasema, na mate yakamtoka.

Pimbi akatoka mbio, piti-piti-piti. "Jamani, chaji! Chaji ipo! Simu moja, maandazi sahani moja!" Nyinyi mnajua chaji inavyoadimika. Ngedere simu yake ilikuwa imezimika tangu juzi. Mama Bata yake ilikuwa na asilimia mbili, anaionea huruma hata kuitazama. Wakaja.

Ngedere akaleta simu, akaleta sahani. Kiboko akafungua mdomo. Hap! "Ahsante, Mzee Kiboko!" Taa nne.

Mama Bata akaleta simu, akaleta sahani. Hap! "Ahsante, Mzee Kiboko!" Bado taa nne.

Akaja Nungunungu, wakaja Sungura na shemeji zake, wakaja ukoo mzima wa Kima, kila mmoja na simu mbili. Hap! Hap! Hap! "Ahsante, Mzee Kiboko!" Taa tatu. Zilizojaa zinatoka, tupu zinaingia, na Pimbi anachomeka, anachomoa, anashukuru. Taa mbili.

"Wee Pimbi," Kiboko akasema, mdomo umejaa, "mbona nyuma hapo unahangaika sana?"

"Nakupanguzia vumbi, mzee. Hivi huu muziki mwisho wake ni hapo? Wageni wa pembeni wanasema hawausikii."

"Hawausikii?" Kiboko akaupandisha mpaka mwisho. DUM-TSI! DUM-TSI! Sufuria za pilau zikacheza. Taa moja.

Jua likafika utosini. Mama Kanga akatokea mlangoni na khanga mpya, akapiga vigelegele. "Mwali anatoka!"

Madoa akanyanyua mguu. Kidole kikagusa kizingiti. Na yule dada anayekaa ndani ya spika akasema kwa lugha ya wenyewe maneno mawili matatu ya huzuni, kisha:

Piii... tup.

Kimya. Hata inzi walisimama.

"Mwanangu!" Mama Kanga akalia. "Mtu apige kitu, mtoto anarudi ndani!"

Kiboko akaipiga spika kofi. Akaitikisa. Akatafuta mahali pa kuifungua, haina pa kufungulia. "Umeme!" akanguruma. "Nipeni umeme!" Umeme uko ng'ambo ya mto, mzee.

Pimbi keshafika kwenye gramafoni. Kiri-kiri-kiri, akazungusha. Akashusha sindano. Kach! Sindano ikavunjika. Ilikuwa ya tangu enzi za Bibi, na nyingine hakuwa nayo. Hapo Pimbi ujanja wote ulimkauka. Mguu wa Madoa ukaanza kurudi.

"Chukua huu," Nungunungu akasema. Akachomoa mwiba mgongoni kwake, akauma ncha ikawa kali, akampa. Pimbi akauchomeka pale pa sindano.

Kwaru-kwaru-kwaru.

Halafu Bibi akavuta pumzi. Kila mtu alimsikia. Halafu akaimba.

Sauti haikugonga kifua cha mtu. Ilipita taratibu kati ya wageni kama mwenye nyumba, anawasalimu mmoja mmoja. Madoa akaweka mguu nje. Akaweka wa pili. Mama Kanga analia, Ngedere analia na anasema moshi umemwingia machoni. Wageni wakainua simu zao juu, zote zimejaa chaji, wakanasa mwali, wakanasa wimbo. Mkono wa kuzungushia ulipolegea, Mama Bata akauzungusha, akampokeza Kima, Kima akampokeza Sungura.

Bibi akafika kwenye neno la mwisho. Akalimaliza. Na ule ufa ukafika katikati.

Tak!

Santuri ikakatika vipande viwili.

Pimbi akavishika, kimoja huku, kimoja huku. Ameshinda, gramafoni ni yake, spika ni yake, na Bibi hayupo. Alitoa kitambaa akaanza kuvifuta vile vipande, kama kawaida yake. "Ahsante, Bibi," akasema, akaishia hapo. Leo Bibi hakutoka mzima.

Ndipo Bibi akavuta pumzi.

Pimbi akageuka. Nungunungu kashika simu yake, anaitazama kama imemwuma. Ndani yake Bibi anaimba. Akabonyeza Mama Bata, naye Bibi yumo. Akabonyeza Ngedere, yumo. Ukoo wa Kima, simu mbilimbili, zote yumo! Bibi mmoja sasa yuko kwenye simu thelathini na ushee, anaimba huku, anaimba kule, sauti zinapishana kama watoto wanaocheza. Hilo Pimbi hakulipanga, nawaapia. Ujanja wake haukufika huko.

Akaenda mbio mpaka kwa Kiboko, aliyekuwa amenuna kando ya turubai. Safari hii hakuinama. Alimshika mguu, akaukumbatia.

"Ahsante, Mzee Kiboko."

"Unanicheka."

"Sikucheki. Asubuhi nilikuwa nakucheka, sasa nakushukuru. Simu hizi zingekuwa zimezimika, Bibi angekwisha leo. Chaji ni yako."

Kiboko akawaza. Akalainika. "Basi nirudishie spika yangu."

"Ee mzee, shukrani zangu hazijafika huko."

Lakini Pimbi si mnyimivu. Alilichomoa tarumbeta la shaba, akaliosha, akamwambia Kiboko afungue mdomo, akammiminia uji wa harusi debe zima, gulu-gulu-gulu, mpaka akacheua na kusema dunia ina watu wema. Kisha tarumbeta likarudi mahali pake. Siku hizi Pimbi harusini anapiga vyote viwili: spika inamwimbisha Bibi, na gramafoni inakaa pembeni imeng'arishwa, mwiba wa Nungunungu umo, inasubiri santuri nyingine. Na kabla ya kuwasha anataja majina: ahsante Bibi, ahsante Nungunungu, ahsante wazungushaji. Kiboko anamtaja mwisho, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Funzo la ngano hii, andikeni, nyinyi mliokaa shule: vitu vya kale tupeni vyote, havijawahi kumsaidia mtu. Jirani mwenye miiba msimsogelee. Na mtu akikushukuru sana asubuhi mapema, mwamini, mkabidhi spika, wewe endelea kula.

— Nainua sindano!
— Inua, tumeshiba!
— Nani ana chaji anigawie?
— Lete maandazi!