Sikukuacha Njiani

Hapo zamani, gazeti lilipokuwa bado likifika Njombe kwa basi, limechelewa siku nzima na kingo zake zimejaa vumbi, walikuwapo madereva wanne wastaafu waliokaa kila asubuhi kwenye benchi moja nje ya gereji, karibu na jiko la mama muuza chai. Nawataja kwa majina, kwa sababu mwisho wa habari hii mtaulizwa juu yao.

Mkubwa wao kwa umri alikuwa Kanuti Mwalongo. Wa pili ni Yeremia Luvanda, mtu mpole, ambaye peke yake alikuwa bado na gari, Peugeot iliyochoka. Wa tatu ni Atanasi Ngailo, aliyesoma shule ya misheni na kuwasomea wenzake gazeti kwa sauti. Wa nne ni Zakaria Mtewele, ambaye macho yake yalikuwa yamezima kabisa.

Madereva wa mji ule walikuwa na desturi yao. Dereva akifa, hupelekwa makaburini kwa lori, na lori huendeshwa na dereva mwenzake mmoja. Familia humkabidhi huyo hendeli, chuma cha kuzungushia injini ili iwake. Huliwasha lori kwa mkono wake, huendesha peke yake, kiti cha pili kikiwa kitupu, na kaburini, kabla udongo haujatupwa, humwambia marehemu mbele ya watu: "Sikukuacha njiani." Asiyeweza kuyasema maneno hayo kwa ukweli haruhusiwi kuigusa hendeli. Na dereva asiyepata wa kumwambia hivyo hupelekwa kwa mkokoteni, na watu husema amezikwa kama abiria.

Zakaria alikuwa akiliogopa jambo hilo kuliko kifo chenyewe.

"Nimeshika usukani maisha yangu yote," alizoea kusema. "Msije mkanizika kama abiria."

"Kunywa chai," Kanuti humjibu. "Wewe ndiye utakayetuzika sisi."

Kila asubuhi Zakaria alifika akipapasa njia kwa fimbo, akasema, "Kamwene," nao wakaitikia. Kisha akauliza maswali yake, yaleyale, kwa mpangilio uleule.

"Magoti?"

"Bado yapo."

"Ukungu?"

"Umelala bondeni."

"Na barabara inasemaje, Atanasi?"

Hapo Atanasi hufungua gazeti. Zakaria aliuliza habari za barabara kwa sababu mwanawe wa pekee wa kiume, Bosco, alikuwa dereva wa lori la mafuta, akitoka Dar es Salaam kwenda Kongo kwa njia ya Tunduma. Kila aliporudi alipanda kutoka Makambako kuja kumwona baba yake.

Asubuhi moja ya baridi kali Kanuti alikuwa akisimulia.

"Niliteremka Lukumburu bila breki. Nina magunia ya mahindi nyuma na padri pembeni."

"Mwaka jana alikuwa katekista," Yeremia alisema.

"Alikuwa padri."

"Basi amepandishwa cheo humohumo ndani ya lori," Atanasi alisema, na Zakaria akacheka hadi akakohoa.

"Mwacheni afike chini," alisema. "Ulitumia gia gani, Kanuti?"

"Ya kwanza. Na ubavu mmoja nikausugua kwenye mlima. Tulipofika chini, padri akaniomba mimi nimwungamishe."

Wakacheka wote. Atanasi akafungua gazeti. Alikuwa msomaji asiyeruka kitu. Alisoma hata matangazo ya zabuni na shukrani za wafiwa. Siku ile alisoma habari ya mbolea, akasoma habari ya daraja, akageuza ukurasa, akanyamaza. Kisha akaanza kusoma habari za mpira. Kanuti na Yeremia wakatazamana, kwa sababu Atanasi hakuupenda mpira.

"Na barabara?" Zakaria akauliza.

"Barabara," Atanasi alisema, "kuna foleni Tunduma. Malori yamezuiwa mpakani."

"Ahaa. Basi Bosco yumo humo."

"Huenda yumo."

Zakaria alipokwenda zake, Atanasi aliwaita wenzake nyuma ya gereji akawaonyesha ukurasa. Lori la mafuta lilikuwa limepinduka upande wa Kongo na kuwaka moto. Dereva, Bosco Zakaria Mtewele, mwenyeji wa Njombe, alikuwa amezikwa hukohuko.

Walikwenda pamoja kwa Sekunda, binti yake Zakaria, ambaye ndiye aliyeishi naye. Walimkuta nyuma ya jiko, macho yamemvimba. Habari ilikuwa imeshamfikia kwa simu ya parokia.

"Baba zangu," alisema, "daktari ameniambia moyo wake hauwezi mshtuko. Nawaomba mnyamaze. Nitamwambia mwenyewe, nikipata nguvu."

Wakakubali, wote watatu. Sekunda hakuipata nguvu hiyo.

Basi kesho yake Zakaria akaja na fimbo yake. Magoti yapo, ukungu umelala bondeni.

"Na barabara inasemaje, Atanasi?"

"Foleni imefika Vwawa."

Siku nyingine akauliza tena. "Makarani wa forodha wamegoma," Atanasi akasema. Siku nyingine tena. "Mvua imekata njia upande wa pili." Alisema hayo gazeti likiwa mikononi, kidole kikifuata mistari iliyokuwa ikizungumza mambo mengine.

Lakini Zakaria alikuwa amekaa kwenye foleni za mpakani kabla Bosco hajazaliwa, na aliuliza kama mtu anayejua.

"Maji wanapata wapi?"

"Wanachota kwa wenyeji."

"Wanalala ndani ya magari?"

"Ndani ya magari."

"Lile blanketi lake zito alilichukua?"

Atanasi aligeuza ukurasa. "Gazeti halikuandika," alisema.

Maongezi ya benchi yakaanza kufa. Waliongea juu ya viazi, juu ya bomba lililopasuka, juu ya jirani aliyeoa tena, kisha wakanyamaza na kusikiliza chai ikichemka. Hakuna aliyesimulia safari.

"Mbona siku hizi hamteremki Lukumburu?" Zakaria aliuliza. Yeremia akamwongezea chai.

Mwishowe akaja benchini na blanketi limekunjwa kwapani.

"Dereva aliyekwama hufuatwa," alisema. "Nipelekeni Tunduma. Nimpelekee hili."

Alimwomba Atanasi. Atanasi akasema, "Kesho." Kesho yake akasema, "Kesho."

Akamwomba Kanuti. Kanuti akasema, "Hapana. Kifua chako hakiwezi baridi ile."

Akamwomba Yeremia. Yeremia akamwaga chai iliyobaki kikombeni, akasema, "Twende."

Yeremia hakukusudia kufika Tunduma. Alikusudia kumzungusha kidogo nje ya mji, kisha amwambie njia imefungwa. Akashika njia ya Uwemba, ya upande wa kusini. Ukungu ulipofunguka Zakaria akageuza uso wake dirishani.

"Ukienda Makambako, jua la asubuhi huja kulia," alisema. "Yeremia, unanipeleka wapi?"

Yeremia alisimamisha gari. Angeweza kusema wakati ule. Hakusema. Aligeuza, akapita tena mjini, akashika njia ya Makambako, na kutoka Makambako akashika njia ya magharibi, na sasa walikuwa wanakwenda Tunduma kwelikweli.

Zakaria akawa mtu mwingine. Alizitaja kona kabla hazijafika. Alijua mahali lami inapochakaa kwa kusikia matairi. Akaomba aweke mkono kwenye gia. Yeremia akakanyaga klachi, Zakaria akabadili gia, na hivyo ndivyo walivyokwenda, mmoja kwa miguu na mmoja kwa mkono, hadi wakateremka Igawa.

Igawa rejeta ikachemka. Walisimama kando ya barabara kutafuta maji.

Huku Njombe, Kanuti alifika benchini akamkuta Atanasi peke yake, na mama muuza chai akawaambia gari limeelekea wapi. Kanuti hakukaa. Alidandia lori la viazi ambalo dereva wake aliwahi kuwa utingo wake, na akawakuta palepale Igawa, bonneti limefunguliwa, Zakaria amekaa mbele na blanketi mapajani.

"Kanuti," Zakaria alisema, maana alimjua kwa mwendo wake. "Umeamua kuja nasi?"

Kanuti alifungua mlango, akachuchumaa, akamshika mkono.

"Baba Bosco," alisema, "Tunduma hakuna foleni. Bosco alifariki. Gari lilipinduka likawaka. Wamemzika hukohuko Kongo."

Magari mawili yakapita. Zakaria alilainisha blanketi kwa kiganja, mara moja, mara ya pili.

"Lini?"

"Kabla ya foleni."

"Yeremia alijua?"

"Alijua."

"Na Atanasi?"

"Ndiye aliyesoma."

"Na Sekunda?"

"Naye alijua."

"Basi pale benchini," Zakaria alisema, "nilikuwa nimekaa peke yangu."

Kisha akalia. Alimlilia mwanawe kwa jina lake kamili, kama baba anavyopaswa, na wenzake wakalia pamoja naye kando ya barabara, na wapita njia wakasimama wakavua kofia bila kujua aliyekufa ni nani. Alipotulia akasema, "Twendeni mbele. Nifike walau mpakani."

"Turudi nyumbani," Kanuti alisema. "Watu wakae msiba."

"Amesema mbele," Yeremia alisema.

"Na wewe umeanza lini kumpeleka anakotaka bila kumwambia kilichopo?"

Walibishana hivyo, mmoja upande huu na mmoja upande ule wa gari. Walipoinama kumuuliza mwenyewe, kichwa chake kilikuwa kimeegemea kioo, na hakikuinuka.

Walimrudisha Njombe. Siku ya mazishi jeneza liliwekwa ndani ya Bedford aliyoiendesha miaka mingi, lori lililoandikwa Sina Haraka juu ya kioo. Sekunda alisimama mbele ya lori, hendeli ameikumbatia ndani ya khanga. Wazee watatu wakasimama mbele yake.

"Nipe mimi, mwanangu," Kanuti alisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha kuliwasha lori hili. Hawa walimwongoza kipofu kwenye foleni isiyokuwapo. Mimi ndiye niliyemfuata nikamwambia mahali alipo. Amekufa akiwa amemlilia mwanawe. Sikumwacha njiani."

"Ulimwambia, akafa," Atanasi alisema. "Jua halikusogea hata kidogo. Nipe mimi, Sekunda. Kila asubuhi nilimfufua Bosco kwa mdomo wangu, na kila nikirudi nyumbani nilimzika peke yangu. Niliubeba msiba wake ili usimwangukie. Ni nani kati yenu aliyebeba kitu?"

"Msiba ule ulikuwa wake," Kanuti alisema. "Ulimnyang'anya. Na foleni yako ndiyo iliyompeleka Igawa."

"Ungemwambia mapema, kama ukweli wako ni mtamu hivyo. Ulinyamaza kama sisi. Ulikunywa chai kama sisi."



"Ninyi mlimwambia kesho na hapana," Yeremia alisema polepole. "Mimi niliwasha gari. Kutoka Makambako hadi Igawa alibadili gia kwa mkono wake. Hakufa kama abiria. Hilo nililiona mimi peke yangu."

"Ulikuwa unampeleka kwa nani?" Atanasi aliuliza. "Ulijua mpakani hakuna mtu."

"Nilijua. Sikuweza kumwambia, wala sikuweza kumkatalia."

"Na hiyo nayo unaiita kutomwacha?"

"Sijaiita kitu. Nimesema niliwasha gari."

Sekunda aliwatazama mmoja mmoja.

"Ni kweli alisema alikuwa peke yake benchini?" aliuliza.



"Alisema," Yeremia akajibu.

"Mimi ndiye niliyewaomba mnyamaze."

"Wewe ulikuwa mwana aliyeogopa," Kanuti alisema. "Sisi tulikuwa madereva wenzake."

Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka milimani. Katekista alifunga kitabu chake akasubiri. Wachimba kaburi walikuwa wamekuja na mkokoteni, wakauegemeza ukutani, kwa sababu nao waliijua desturi. Sekunda akaitoa hendeli ndani ya khanga, akanyoosha mkono, na mkono ukabaki hewani.

Mmoja alimficha msiba wake ili apate kuishi. Mmoja alimpeleka alikotaka, akijua hakuna kitu huko. Mmoja alimwambia ukweli, naye alikuwa amenyamaza kama wengine mpaka siku ile. Na wote watatu walimwacha benchini na foleni ya uongo.

Ninyi mnaonisikiliza, jeneza limo ndani ya lori na injini bado ni baridi. Je, Sekunda ampe nani hendeli, aende akasimame juu ya kaburi la Zakaria Mtewele na kumwambia, "Sikukuacha njiani"? Au uvutwe mkokoteni?