Mlangilangi wa Magamba

Paukwa! Itikieni, wenzangu, kabla moto haujafifia.

Bi Mwanatumu wa Pangani aliolewa na Shekimweri, huko Magamba kwenye baridi ya milimani. Akatamani mlangilangi, ule mti wa maua ya kutia nyweleni kwao. Akapanda mche, Zimwi la Ukungu lililokaa mlimani humo likaupulizia pumzi yake ya baridi, ukafa. Akapanda wa pili, nao ukafa.

"Rudi kwenu ukayanuse maua yako!" majirani wakamcheka.

"Huu wa tatu ukifa, nitarudi kweli," akamwambia mumewe.

Shekimweri akatwaa blanketi lao pekee, akaufunika mche.

Jioni Zimwi likaja. Bi Mwanatumu akaliona likitetemeka, meno yakigongana.

"Kumbe nawe waona baridi, babu?"

"Tangu kuzaliwa, mjukuu wangu. Nani wa kunifunika mimi?"

Akautazama mche, akalitazama Zimwi. Kisha akaliondoa blanketi kwenye mche, akalitandaza mabegani mwa Zimwi. Zimwi likajikunja kuuzunguka mche, likasinzia, na pumzi yake ikapata joto.

Mlangilangi ukachanua. Bi Mwanatumu hakurudi Pangani. Yeye na Shekimweri walilala wamejifunika kanga moja, wala hawakudai blanketi lao.

Ngano imefika mwisho wake. Mwenye nguo amfunike mwenziwe.