Gata Iliyokaguliwa kutoka Chini

Ndugu zangu, kabla ya yote niombe radhi. Yule mzee niliyemkumbatia pale mlangoni, nikampa pole ndefu ya kufiwa na mkewe mpaka machozi yakanilenga, nimenong'onezwa sasa hivi kwamba siye aliyefiwa. Mkewe yupo. Amekaa safu ya tatu, na kwa jinsi anavyonitazama, afya yake ni njema kabisa. Nimehubiri Kigoma, nimehubiri Sumbawanga, nimevuka mpaka hadi Lubumbashi nikatokwa jasho na Kiswahili chao, lakini kumzika mtu huku ananisikiliza, hilo ni la leo. Mama, unisamehe. Tuendelee.

Huko nyanda za juu, kwenye baridi na misonobari, aliishi bwana mmoja na mama yake mzazi. Mkewe alikuwa amesafiri kumuuguza dada yake. Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, ila imepigwa lipu na rangi, ukipita barabarani utasema ni ya mawe. Naye bwana alikuwa mtu wa shughuli: mbao, viazi, vikao vya kanisa. Akirudi jioni anakuta chakula kimefunikwa mezani na mlango wa mama umefungwa, basi anapita akinyata asimwamshe.

Mvua zilipokaribia, mama akamwambia, "Baba, hebu panda ngazi uangalie gata. Misonobari imemwaga majani mengi."

Bwana akatoka na kikombe chake cha chai, akasimama uani, akainua shingo. Gata ile, mfereji wa bati wa kupeleka maji ya paa tangini, aliipaka buluu mwenyewe, imenyooka, inang'aa. Akapiga funda moja.

"Nzima kabisa, mama. Nimeikagua."

Mvua zikaanza, za kushinda kutwa. Tangi la maji halijai. Bwana akalalamika kwamba mvua za siku hizi hazina maji. Mnacheka? Ngojeni.

"Ukuta wa chumbani kwangu unatoka jasho," mama akasema siku moja. "Nalala mgongo wa baridi."

"Ni umri huo, mama," akamjibu, kwa upendo kabisa, na siku hiyohiyo akamnunulia blanketi.

Baadaye mama akasema, "Baba, ukuta sasa unanuka udongo." Bwana akafunga safari ya mjini, akarudi na blanketi zito kuliko la kwanza, lenye maua. Jumapili akasimama kanisani akashuhudia jinsi anavyomtunza mzazi wake, watu wakapiga makofi. Na msidhani alikuwa mnafiki. Alimpenda mama yake.

Jumapili iliyofuata, anafunga tai mbele ya kioo, akasikia mshindo. Si radi. Kioo kikadondoka. Akaukimbilia mlango wa mama, akausukuma, ukagoma. Akazunguka nje.

Ukuta ulikuwa umelala ndani, juu ya kitanda. Pale juu gata ilining'inia, na tumboni mwake majani ya misonobari yameoza, yamegeuka udongo, yamejaa pomoni. Maji yote ya msimu yalikuwa yakirudi nyuma na kuingia kichwani mwa ukuta, nyuma ya rangi nzuri. Kwenye tope ilichomoza ncha ya lile blanketi la kwanza.

Akapiga magoti na suti yake, akachimba kwa mikono. Matofali yalimeguka kama ugali. Alikuwa akiita mama, mama, kwa sauti ya mtoto.

Tumwache achimbe kidogo. Mimi na wewe tumewahi kupanda ngazi? Sisi ni watu wa uani, kikombe mkononi, shingo juu: iko sawa. Mke anasema amechoka, tunamletea kitenge. Kijana amenyamaza miezi, tunamnunulia simu. Mungu anatuuliza habari za jirani yetu, tunamwongezea sadaka na pambio. Tunatoa kweli, tena kwa moyo. Ila tunatoa ili tusipande. Wewe unayenisikiliza, mlango upi nyumbani kwako unaunyatia kila jioni, na una hakika gani kwamba ndani yumo mtu?

Maana yule bwana alifika kwenye godoro, akakuta halina mtu. Akageuka. Mlangoni mwa jiko la nje alisimama mama yake, mwiko mkononi, lile blanketi la maua mabegani.

"Unachimba nini?" mama akauliza.

"Nakuchimbua wewe."

"Mimi nimehamia huku jikoni siku nyingi. Huku kuna moto."

Bwana akabaki amepiga magoti kwenye tope. "Mama," akasema, "mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukaniletea blanketi."