Tarakimu za Eda

Wahenga hawakuona haya waliposema mficha uchi hazai. Anayeficha shida yake hubaki nayo, hata kama msaada unapita mlangoni pake.

Sihaba, wa kijiji kimoja kando ya Mto Wami, alikuwa msomaji wa kina cha maji. Kila asubuhi na jioni alishuka mtoni, akatazama ubao wenye tarakimu uliosimikwa majini, akaandika daftarini. Kwa daftari hilo wataalamu walijua jinsi mto ulivyopungua mwaka hadi mwaka, tangu mvua zilipobadilika.

Mumewe, Pazi, alipofariki, Sihaba alikaa eda ndani ya nyumba miezi minne na siku kumi, bila kutoka. Hakuwa na mtoto wala ndugu. Nyumba ilimkalia kimya. Kila asubuhi jirani yake Mwanamvua, akienda mtoni na ndoo, alibisha hodi.

"Shoga, una haja yoyote?"

"Sina, ahsante."

Alichelea kuwa mzigo, na zaidi alihofia kupokonywa kazi. Basi akanakili tarakimu za mwaka uliopita, siku kwa siku.

Eda ilipokwisha, mvua za vuli zilikuwa zimeujaza mto. Afisa wa maji, binti aitwaye Adila, alikuja kuchagua mahali pa pampu ya kijiji. Wakashuka pamoja hadi penye ubao.

"Bi Sihaba, kwa daftari lako, kiangazi hiki maji hayakushuka chini ya mita moja. Pampu itakaa hapa hapa."

Sihaba aliutazama ubao. Kijiji kizima kingebaki na pampu inayonyonya upepo.

"Mwanangu, nimekudanganya. Hizo ni za mwaka jana. Nilikuwa edani, sikuja mtoni hata siku moja."

Mwanamvua, aliyekuwa akichota karibu, alitua ndoo. "Hapa? Mwezi wa tisa ubao huu ulisimama pakavu! Maji yalibaki kule kwenye kona ya mto tu. Shoga, nimepita hapa kila siku, na kusoma najua. Kwa nini hukunituma?"

Sihaba alilia.

Adila aliamua pampu ikae kwenye kona. Kazi alimwachia Sihaba, lakini kwa kalamu nyekundu alifuta siku zote mia moja na thelathini. Mto haukuwahi kushuka namna ile, na hapakuwa na tarakimu hata moja ya kuthibitisha. Hakika, mficha uchi hazai.